Mama ospri ameondoka kiotani: anaelekea wapi, nasi wa Nairobi tumfuate vipi?

MkaziWaLangata aliuliza:

Wapendwa wanajukwaa, salamu kutoka Lang'ata.

Tangu mwanzoni mwa Aprili mimi na baba yangu tumekuwa tukifuatilia, kupitia kamera iliyofungwa juu ya kiota kimoja huko Wales, maisha ya jozi ya ndege wala samaki ambao wataalamu huwaita Pandion haliaetus. Majina ya Kiswahili ya ndege wa aina hii hugongana, na wengi wetu tukisikia furukombe au kwazi humfikiria yule wa Naivasha mwenye kichwa cheupe na mlio unaosikika ziwa zima. Kwa sababu hiyo nitamwita huyu ospri, ili tusichanganyikiwe.

Baba alifanyiwa upasuaji wa nyonga mwezi wa Machi akahamia kwangu ili nimuuguze. Alizaliwa karibu na Dunga, kando ya Ziwa Viktoria huko Kisumu, alivua samaki miaka mingi kabla ya kupata kazi mjini, na kulala kitandani mchana kutwa kulimchosha kuliko maumivu yenyewe. Binti yangu ndiye aliyemfungulia matangazo ya kiota kwenye kompyuta, akidhani babu yake angeyatazama kwa dakika chache tu. Dume akatua na samaki aliyekwisha kuliwa kichwa, baba akainua shingo na kusema: "Huyu namjua. Huja ziwani miezi ya joto, hujitupa majini mwili mzima, na hapigi kelele kama furukombe." Toka siku hiyo kompyuta ile haijarudi mezani kwangu.

Tumeona mayai matatu yakitagwa, kila moja siku kadhaa baada ya jingine. Tumemwona jike akiatamia usiku wa mvua na upepo, katika picha ile isiyo na rangi ya kamera za gizani, maji yakimtiririka mgongoni naye hatikisiki. Mwishoni mwa Mei makinda walianguliwa mmoja mmoja. Wa tatu alikuwa mdogo mno, na siku ambazo samaki walichelewa, kinda mkubwa alimdonoa kichwani mpaka akalala kifudifudi asiinuke. Binti yangu alilia, akaniuliza kwa nini wenye kamera, ambao bila shaka walikuwa wakiona kama tulivyoona sisi, hawakupanda kumwokoa. Sikuwa na jibu la kumpa. Nashukuru kwamba mdogo huyo alipona, na mwezi wa Julai wote watatu waliruka.

Sasa mama hajaonekana kwa siku tisa. Dume angali analeta samaki, na makinda, ambao sasa ni wakubwa kama wazazi wao, wanampokea kwa makelele. Baba anashikilia kwamba mama yuko njiani kuja kwetu na kwamba tukienda Kisumu mwezi wa Novemba tutamkuta. Naomba wenye ujuzi wanisaidie kwa mambo matatu. Je, jike kuondoka na kuwaacha watoto ni jambo la kawaida? Je, anaweza kweli kuja Kenya? Na kiota kile kitakapobaki kitupu hadi mwakani, kuna viota gani hapa Nairobi ambavyo mzee anayetembea kwa magongo anaweza kuvifuatilia?

MtembeziWaJumatano alijibu:

Dada yangu, kwanza mpe mzee pole na umfikishie heshima zangu, kwa sababu alama alizozitaja ndizo hasa tunazowafundisha wageni wanaojiunga na matembezi yetu. Furukombe huchota samaki juu ya maji kwa makucha na kuendelea kuruka. Ospri hujitupa, miguu mbele, na anaweza kuzama hadi kina cha mita moja hivi kabla ya kuibuka na kujikung'uta. Kidole chake kimoja cha nje hugeuka nyuma ili samaki abanwe na vidole viwili kila upande, nyayo zake zina vipele vikali vinavyozuia utelezi, na akiruka na windo lake humgeuza kichwa kielekee mbele ili upepo usimsumbue. Ukimtazama kwa chini utaona tumbo jeupe na mabawa marefu yaliyopindika, na usoni mstari mweusi unaopita kwenye jicho. Mzee aliyeyaona hayo ujanani, bila darubini, alikuwa mtazamaji wa ndege kabla yetu sisi wenye darubini.

Kuhusu mama kuondoka, usihuzunike hata kidogo. Ni kawaida kabisa kwa jike kutangulia mwezi wa Agosti. Ametumia zaidi ya wiki tano kuatamia na wiki nyingine nyingi kuwafunika makinda kwa mabawa yake, wakati huo wote akitegemea samaki anayeletwa na dume, na sasa anahitaji kurudisha mwili wake kabla ya safari. Dume hubaki kuwalisha vijana mpaka nao waondoke, kwa kawaida kati ya mwisho wa Agosti na Septemba, kisha yeye hufunga nyumba. Kila mmoja husafiri peke yake. Wazazi hawafuatani, watoto hawaongozwi na yeyote, na hata jozi iliyoishi pamoja miaka kumi hukaa msimu wa baridi mahali tofauti, ikakutane tena kiotani Machi au Aprili. Mimi nimewatazama ndege kwa miaka ishirini na zaidi, na bado jambo hili hunishangaza: kijana wa miezi mitatu, ambaye hajawahi kutoka bonde alilozaliwa, anaamka asubuhi moja na kuelekea Afrika.

Kwa habari ya Kenya, hapa lazima nimwambie mzee ukweli ambao hataupenda mara moja. Ospri wa Wales, Uingereza na Scotland hushuka kupitia Ufaransa, Hispania na Moroko, kisha huishia Afrika Magharibi, hasa Senegali, Gambia na nchi za jirani. Mama wa kiota chenu karibu hakika anaelekea huko, wala hutamkuta Dunga. Ospri wanaofika kwetu hutoka mashariki zaidi, Ufini, Urusi na nchi za ukanda huo, na hushuka kwa njia ya Mashariki ya Kati na bonde la Nile. Mnamo Januari 2024 ospri aliyevishwa mguuni pete ya utambulisho ya Makumbusho ya Helsinki alipatikana katika kaunti ya Siaya, karibu kilomita 7,000 kutoka alikovishwa pete hiyo, na habari zake zilienea nchi nzima. Kwa hiyo ndege aliyemwona mzee alipokuwa kijana hakika alikuwa ospri, lakini kuna uwezekano mkubwa kwamba alizaliwa juu ya msonobari wa Ufini.

Ndiyo maana napendekeza kwamba mwakani mwongeze kiota cha pili. Wafini wamewavisha ospri wao pete kwa miongo mingi, mradi wao mkubwa wa kuwafuatilia ukiwa ulianzishwa na Pertti Saurola mwaka 1971, na huko pia kuna viota vyenye kamera. Karibu nusu ya ospri wa nchi hiyo huzaliana juu ya majukwaa yaliyojengwa na watu, kwa sababu miti mikongwe yenye vilele bapa wanavyovipenda imekatwa sana na wafanyabiashara wa mbao. Kuna faida nyingine ndogo itakayomfaa mgonjwa: wakati wa kiangazi saa ya Ufini ni sawasawa na saa ya Nairobi. Kinachotofautiana ni jua. Mwezi wa Juni kule kunapambazuka mapema mno na giza huchelewa mpaka karibu saa tano za usiku, hivyo mzee anaweza kula chakula cha jioni, asikilize taarifa ya habari, kisha amkute dume bado anavua.

Msiwatafute Novemba pekee. Ospri huonekana kwetu hasa kuanzia Oktoba hadi Machi, katika Ziwa Viktoria, Naivasha, Baringo, mabwawa ya mto Tana na pwani kwenye Hori la Mida. Lakini vijana waliofika kwa mara ya kwanza hawarudi kaskazini mwaka unaofuata. Hubaki Afrika mpaka wafikishe takribani miaka miwili. Ukimwona mmoja Naivasha mwezi wa Juni, wenzake wakubwa wakiwa viotani Ulaya, yaelekea unamwona kijana anayejifunza kuvua. Kamera haiwezi kukuonyesha sehemu hii ya maisha yake. Wale wenye kamera humwona miezi mitano, kisha humsubiri bila kujua kitu. Miezi iliyobaki iko mikononi mwa mvuvi wa Dunga, mwendesha mashua wa Naivasha na yeyote anayejua kutofautisha mstari mweusi wa jicho na kichwa cheupe.

MwalimuKasarani alijibu:

Nami naomba kujibu swali la binti, kwa kuwa wanafunzi wangu wa darasa la sita waliwahi kuniuliza hilohilo.

Mayai hutagwa kwa kupishana siku mbili au tatu, na jike huanza kuatamia mapema, kwa hiyo makinda hawalingani umri. Samaki wakiwa tele, tofauti hiyo haina madhara, kwa sababu mkubwa hushiba, hulala, na mdogo hupata zamu yake. Samaki wakipungua, mdogo huachwa nyuma. Ni utaratibu mgumu, lakini ndio unaohakikisha kwamba mwaka wa njaa unamwacha angalau kinda mmoja hai badala ya kuwaua wote. Mtu akipanda mtini wakati huo anaweza kumtisha jike akaondoka, makinda wakapigwa na baridi, au wakakurupuka na kuanguka kabla ya kuota manyoya ya kurukia. Wenye kamera wanapokaa kimya, mara nyingi wamekaa kimya kwa uchungu.

Hata hivyo sikubaliani na wale wanaosema kwamba binadamu asiingilie kamwe. Mwezi wa Mei 2021, katika kiota cha Glaslyn, Wales, dume aitwaye Aran alipoteza manyoya muhimu ya bawa alipokuwa akimfukuza ndege mvamizi, kisha dhoruba ikapiga siku mfululizo asiweze kuvua. Watunzaji waliwapelekea samaki. Makinda wote watatu walikufa hata hivyo, lakini wazazi walipona. Majuma machache kabla ya hapo, usiku wa tarehe 30 Aprili, mtu asiyejulikana alikuwa amekata kwa msumeno wa injini nguzo ya kiota cha Llyn Brenig, palepale Wales, yai likiwa limeshatagwa. Nchi hiyo moja, katika msimu mmoja, iliona mkono wa binadamu ukifanya mambo hayo mawili. Niliwaeleza wanafunzi wangu yote, nami nadhani mtoto anayeweza kulia kwa ajili ya kinda aliyedonolewa anaweza pia kuhimili kuambiwa ukweli wote. Mwambie binti kwamba Waskoti walianza kuwalinda ndege hawa kwa zamu za mchana na usiku katika miaka ya 1950, baada ya ndege hao kurudi kwenye ziwa la Loch Garten, Scotland, kwa sababu wezi wa mayai walikuwa wakivizia. Kamera za leo ni watoto wa ulinzi ule, na yeye anapotazama anashika zamu.

JiraniWaKarura alijibu:

Mmemaliza ya Ulaya, naomba nizungumzie Nairobi, maana dada aliuliza pia kuhusu viota ambavyo mzee anaweza kuvifuatilia bila kupanda matatu.

Lang'ata ni mahali pazuri. Katika miaka ya karibuni hondohondo wakubwa wa mashavu ya kijivu wamezoea sana mitaa ya magharibi mwa jiji, na mzee akisikia sauti nzito kama ya mtoto analia kwa nguvu juu ya mkuyu, basi ndio hao. Ninaamini wangemgusa kwa sababu dume wao amefungwa mzigo uleule wa dume wa ospri. Jike huingia ndani ya tundu la mti, mlango ukazibwa kwa tope mpaka ukabaki ufa mwembamba, naye hukaa humo na makinda zaidi ya miezi mitatu. Dume humletea matunda aliyoyameza, akiyatapika moja moja na kuyapitisha kwenye ufa. Mimi niliwahi kukaa kitini mbali na mti wa namna hiyo, nikahesabu matunda arobaini na moja katika ziara moja, mpaka shingo ikaniuma. Mtu akipata mti wenye tundu linalotumika, hahitaji kamera. Anahitaji kiti, subira na jirani asiye na haraka ya kukata mti.

Kama baba yako anaweza kukaa kwenye gari, mpeleke kando ya Barabara ya Mombasa karibu na Uwanja wa Nyayo, ambako makorongo marabu hujenga viota juu ya migunga katikati ya moshi wa magari. Watu wengi huwachukia kwa ajili ya sura yao na kwa kuwa huonekana kwenye majalala, lakini mtazame mmoja akisimama juu ya makinda saa sita mchana, amefungua mabawa kuwakinga jua, nawe utamwona mzazi yuleyule wa kwenye kamera.

Karibu zaidi na dirisha kuna minana. Wale wa manjano wanaofuma viota vingi kwenye mgunga mmoja hutoa mambo mapya kila siku wakati wa mvua. Dume husuka, hujining'iniza chini ya kiota na kupiga mabawa akimwita jike, jike huingia na kukagua, na kazi isipomridhisha huondoka. Dume hukibomoa kiota kilichokataliwa na kuanza upya. Mtazame pia kekeo wa kijani anayezunguka hapo kimya, kwa sababu huyo hutaga yai lake ndani ya kiota cha mnana na kumwachia kazi ya ulezi.

Kuhusu kufunga kamera yenu wenyewe, naomba muwe na tahadhari. Simu ya zamani iliyofungwa kwenye dirisha ikitazama mti wa minana haina ubaya wowote. Lakini msisogeze matawi ili picha iwe safi, msiweke taa usiku, na ikiwa ni kiota cha ndege mbuai, kama tai mwenye kishungi wa misitu yetu, msitaje mahali kilipo mtandaoni. Ndege huyo hulea kinda mmoja, humlisha muda mrefu hata baada ya kuruka, na kwa kawaida huzaa mara moja tu katika miaka miwili. Akisumbuliwa mara moja, jiji limepoteza miaka miwili.

MkaziWaLangata aliandika:

Nimewasomea baba majibu yote kwa sauti, na mengine amenitaka niyarudie.

Habari ya Senegali ilimnyamazisha kwa muda. Kisha akauliza kama wavuvi wa huko wanamjua ndege huyo kwa jina, na kama wanamwacha avue kwa amani. Nilimwambia kwamba sijui. Akasema kwamba Dunga walimwachia, kwa sababu ospri akijitupa mahali fulani mara mbili, mvuvi mwenye akili hupeleka mtumbwi wake papo hapo.

Ndugu Mtembezi, nina swali moja la mwisho. Tukibahatika kumwona mmoja mwenye pete, tufanye nini?

MtembeziWaJumatano alijibu:

Mkimwona akiwa hai, msimkaribie. Pigeni picha kadhaa za miguu kwa lenzi ndefu, na muandike tarehe, mahali, na mguu uliovishwa pete. Mguu una maana: ospri wa Uingereza na Wales huvishwa pete ya plastiki ya buluu yenye herufi na tarakimu kwenye mguu wa kulia, na wale wa Scotland kwenye mguu wa kushoto, hivyo picha isiyo wazi pia inaweza kusema kitu. Pete ya chuma peke yake ni vigumu kusomeka kwa mbali. Mkimkuta amejeruhiwa au amenaswa na nyavu, msijaribu kumlisha wala kumfunga kamba, bali mfunikeni kwa kitambaa chepesi, mumweke kivulini ndani ya boksi lenye matundu, kisha muwaite watu wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori. Namba ya pete ipelekeni kwa idara ya ndege ya Makumbusho ya Taifa, ambao wataiwasilisha kwa nchi husika. Hata msipoona pete, mwingizeni kwenye Ramani ya Ndege wa Kenya (Kenya Bird Map), ambako watazamaji huandika ndege waliowaona, kwa maana ospri asiye na pete aliyeandikwa ana thamani kuliko mwenye pete aliyesimuliwa tu.

Na mwambie mzee kwamba Jumatano asubuhi tunakutana Makumbusho. Siku ambazo tunabaki karibu, uwanjani pale kuna madawati. Atakapoweza kushuka kwenye gari, tutatembea kwa mwendo wake, na ningependa sana atueleze jinsi walivyomfuata ospri kwa mtumbwi.

MkaziWaLangata aliandika:

Amekubali. Daktari amesema wiki tatu zaidi. Leo asubuhi alikaa dirishani tangu saa moja, akaniita nimletee miwani, kwa sababu kuna mnana anayejenga kwenye mgunga wa jirani na ameshabomoa viota viwili. Kompyuta bado iko wazi kando yake. Dume wa Wales alileta mkizi saa nne kasoro, na yule kinda mdogo ndiye aliyemchukua.